Mhudumu wa Ndege Naye Afundwe



Kwetu visiwani bibi harusi haendi kwa mume kabla somo hajamfunda. Wahudumu wa ndege nao hufundwa. Singapore Airlines huwafundisha wake kwa karibu wiki 15: kuzima moto, kuwatoa abiria haraka ndege ikipata ajali, kisha kuandaa meza na kuzungumza na mgeni. Usalama hutangulia, na ndivyo inavyopasa.

Ila kuna jambo tunaona bado halifundishwi vya kutosha. Mwenzetu mmoja alipanda daraja la biashara kwenda fungate, amevaa nikabu. Mhudumu akamgeukia mume: "Yeye atakula nini?" Safari nzima aliulizwa mume. Kiti kililala kama kitanda, shuka laini, lakini bibi harusi alishuka moyo umemsinyaa.

Ukarimu ni kumkabili mgeni na kumwuliza mwenyewe. Hilo halitaki vijiko vya fedha, lataka mkufunzi alitaje darasani.

Nasi tuna wajibu wetu. Mashirika mengi hutaka chakula cha Kiislamu kiagizwe angalau saa 24 kabla ya safari, hata daraja la juu. Tusingoje mpaka tuko angani. Mhudumu akimwuliza mume, tujibu wenyewe kwa upole. Tukivunjiwa heshima, tuwaandikie wenye ndege.

Tumejistiri, hatukujiziba midomo.