Mzee aliyetoka hospitali asifungwe kitandani

WAHENGA walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Msemo huo ni wa huruma, lakini katika nyumba nyingi nchini umegeuka pingu. Mzee aliyevunjika nyonga au kupatwa na kiharusi anaporudi kutoka hospitali, hulishwa, huvikwa na kuamriwa alale. Wanawe huamini kwamba wamemheshimu, kumbe wamemdhoofisha.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007 ulichunguza wazee wenye afya waliolala kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza takriban kilo moja ya misuli ya miguu. Je, mzee aliyekwisha kudhoofishwa na maradhi atapoteza kiasi gani kwa mwezi mzima?

Ni kweli kwamba mazoezi peke yake hayatoshi. Misuli hairudi bila maharagwe, mayai au maziwa katika sahani. Maumivu yasiyotulizwa humfanya mgonjwa akatae kusimama, na hofu ya kuanguka tena humfunga kitini hata mifupa ikiisha kuunga. Isitoshe, choo kilicho mbali na nyumba, sakafu inayoteleza na ukosefu wa nauli ya kurudi kliniki huweza kuharibu kazi yote iliyofanywa na daktari.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu hupuuzwa, nalo ni lugha. Kiharusi huweza kumpokonya mtu usemi huku akili yake ingali timamu. Mwaka 1895 tabibu Mfaransa, Pitres, alieleza kwamba mgonjwa aliyejua lugha kadhaa huelekea kurejeshewa kwanza ile aliyoizoea zaidi. Kanuni hiyo haishiki kwa kila mgonjwa, lakini inatuonya. Ajuza aliyeishi kwa Kikamba au Kigiriama akipimwa kwa Kiingereza, huenda akahesabiwa kuwa amepotewa na akili, ilhali aliyekosea ni anayempima.

Vivyo hivyo, mazoezi yakiandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi ambayo mzee hawezi kuisoma, hufuatwa kwa kubahatisha, au hayafuatwi kamwe. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa nini basi kiishie langoni mwa wodi?

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye jukumu la hospitali nyingi, hazina budi kuhakikisha kwamba maagizo yanatolewa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na kwamba wauguzi na wataalamu wa viungo wanawafikia wazee vijijini. Nasi walimu na wanafunzi tunaweza kuwasomea na kuwafasiria wazee wetu maagizo hayo.

Uji na apewe bila kuulizwa. Lakini kijiko na akishike mwenyewe, hata kama mkono unatetemeka.