Muvi ya 1973 Haina Shetani Hata Mmoja, Lakini Msee wa Nakuru Akiicheki Halali

Onyo la kwanza: The Wicker Man haina pembe, haina mkia, haina yule mganga wa Nollywood mwenye shuka nyekundu anayerusha radi na vidole. Karibu yote inatendeka mchana, jua likiwaka, watu wakiimba na kucheka. Kuna watoto wa shule, kuna baa imejaa wazee wachangamfu, kuna duka la peremende. Nusu saa ya kwanza unaweza kudhani umepakua muvi ya harusi kimakosa. Lakini Waingereza wakipanga muvi zao za kuogofya, hii huwa juu kabisa, na kama unaishi Naks, Njoro, Molo ama Gilgil, nakuambia wewe unaweza kuielewa kuliko wao.

Onyo la pili: nitasema mwisho. Muvi ina zaidi ya miaka 50, umepewa muda wa kutosha.

Stori iko hivi. Karao wa Scotland, Sajini Howie, anapata barua isiyo na jina. Inasema msichana mdogo anaitwa Rowan amepotea kwenye kisiwa kimoja mbali huko, Summerisle. Howie anaruka na ndege ya majini, peke yake, anatua, anaonyesha picha. Kila mtu anamwambia hamjui huyo mtoto. Hata mama yake mtoto anakana. Mara anaambiwa alikufa, mara anaonyeshwa kaburi, mara anaambiwa kifo si kitu cha kulilia. Howie ni Mkristo wa kukazana, haguzi demu mpaka ndoa, na kila anachokiona kinamchoma. Watu wanaomba jua. Mama mmoja anamtia mtoto chura mdomoni atoe maumivu ya koo. Kitovu kimetundikwa kwa mti ulioota juu ya kaburi.

Hapo ndipo sisi tunaanza kutofautiana na mzungu wa sinema. Kitovu? Kwani ni nini cha ajabu? Huku kwetu ukiulizwa nyumbani ni wapi, unaweza kujibu ni pale kitovu chako kilizikwa, na hakuna atakayeita polisi. Na karao akiingia mtaani na picha, akiuliza-uliza, hata kama ni Bondeni ama Kaptembwo, si kila mtu anakuwa kiziwi? Baada ya maandamano ya Juni 2024, sidhani kuna msee wa miaka 22 hapa Naks ataanza muvi akiwa upande wa polisi. Kwa hivyo tunacheka na wanakijiji. Tunafurahia vile wanamzungusha. Muvi inataka hivyo hivyo, na baadaye inakulipisha.

Kidokezo kikubwa kiko kwa sahani. Summerisle inajulikana kwa matufaha yake, lakini Howie akikaa kula kwenye baa anapewa matunda ya mkebe. Hebu fikiria ufike Molo uagize viazi, uambiwe viko vya mkebe tu. Si utauliza shamba liko aje? Pale ukutani kuna picha za sherehe ya mavuno ya kila mwaka, msichana mmoja katikati na matunda yamemzunguka. Ya mwaka jana tu ndiyo haipo. Howie anajua kuhesabu, anaunganisha: mavuno yalifeli, na watu wakifeliwa wanatafuta kafara. Anaamua huyo Rowan yuko hai, atachinjwa siku ya Mei Mosi, na yeye ndiye atamwokoa.

Nusu yake ni kweli. Kafara ipo, ila si Rowan.

Kama umekulia kwa zile video za DJ Afro, unajua sheria namba moja: steringi hakufangi. Anaweza kupigwa, kurushwa dirishani, kulishwa mchanga, lakini lazima afike mwisho. Hapa steringi ndiye anayeingizwa ndani ya sanamu kubwa ya fito zilizosukwa, pamoja na mbuzi na kuku, na anachomwa akiwa hai. Barua ilikuwa chambo. Walimchagua mapema, kwa sababu ni mtu wa sheria, hajawahi kulala na mwanamke, na alikuja kwa hiari yake. Kijiji kizima kinashikana mikono na kuimba, hakuna anayeonekana mbaya. Yule mama wa peremende yuko hapo, mwalimu wa shule yuko hapo, Rowan mwenyewe yuko hapo.

Robin Hardy ndiye aliongoza, Anthony Shaffer akaandika, na Christopher Lee, yule mzee wa Dracula, akaigiza bwana wa kisiwa bila kulipwa. Mpaka kufa kwake alikuwa anasema hii ndiyo muvi yake bora. Studio haikuona hivyo. Waliikata dakika kama kumi na wakaiachilia kama muvi ya kusindikiza nyingine. Ukiitafuta, tafuta ile iliyorudishiwa vipande mwaka 2013. Ile ya Nicolas Cage ya 2006, ya nyuki, waachie watu wa memu. Na kama ulipenda Midsommar ya 2019, basi huyu ndiye babu yake.

Sasa tufike kwa ile dakika ambayo msee wa Njoro anafaa kuisimamisha airudie. Lord Summerisle anamweleza Howie vile mambo yalianza. Babu yake alikuwa mtaalamu wa kilimo, hakuwa mtu wa kanisa. Alinunua kisiwa mwaka 1868, akakuta udongo wa volkano na watu maskini waliokata tamaa. Alikuwa na mbegu mpya za matunda za kujaribu, na alihitaji mikono ya kufanya kazi. Akawaambia miungu yao ya zamani ndiyo italeta mavuno. Yeye mwenyewe hakuamini. Matunda yakashika, watu wakaamini, wachungaji wakahama. Mtoto wake akaendeleza kwa mapenzi, na mjukuu ndiye huyu tunayemwona, sketi ya Kiskoti kiunoni, akiongoza sherehe.

Lord, udongo wa volkano, majaribio ya kilimo, na watu wa kufanya kazi. Unaskia hiyo ni wapi?

Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kondoo wakamfia. Akajaribu ngano, ikaliwa na kutu, akaingia hasara kubwa, akaendelea kujaribu mbegu. Hiyo kazi ya ngano haikuisha. Mpaka leo ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro ipimwe kama itastahimili kutu. Akafuata Lord Egerton, ambaye mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na akajijengea kasri la vyumba 52 lililokamilika 1954. Stori ya mrembo aliyekataa nyumba mnaijua, maguide wataisimulia tena ukienda. Watu hufanya harusi pale. Nikiona kasri la Summerisle kwenye muvi, ambalo ni Culzean ya kweli huko Scotland, mimi naona nyasi za Ngata.

Lakini hapa malodi wetu hawakuhitaji miungu. Walikuwa na sheria. Ile ya 1915 iliwapa ardhi kwa mkataba wa miaka 999. Ile ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mzungu kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa pale. Kisha kikaja kipande, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Yote hayo yanataka polisi, karani, korti na kiboko, na bado watu walitoroka, waligoma, na mwishowe wakaingia msituni. Babu wa Summerisle alipata kazi ile ile bila askari hata mmoja. Watu wake waliamka wenyewe na kwenda shamba wakiimba. Mimi hapo ndipo nilipoogopa. Moto wa mwisho ulinipata nikiwa nishaogopa kitambo.

Huku tumezoea kuogopa upande mwingine. Panda Menengai, pale juu ya mtaa wa London (yetu, sio ya mfalme Charles), uangalie chini kwenye hilo shimo. Wakikuyu walipaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Utaambiwa za wasee waliopotea masaa mazima mchana peupe, na za shamba linalolimwa usiku na wasioonekana. Hizo stori nazipenda, na zisiishe. Ila tangu 2011 GDC inachimba mvuke humo ndani, mitambo iko, mabomba yako, na hakuna jini amekuja kuuliza kibali.

Hata serikali imewahi kumtafuta shetani rasmi. Oktoba 1994 Rais Moi, jirani yetu wa Kabarak, aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ikafika Bunge 1999, ikasema kweli hiyo ibada ipo Kenya, mpaka shuleni. Waliosoma bording miaka hiyo wanakumbuka vile kila mchoro kwa dawati na kila pete yenye fuvu ilikuwa ushahidi. Tulifundishwa kumtambua shetani kwa alama: nyoka, nyota, rangi nyekundu, miziki ya kelele.

Halafu Aprili 2023 polisi wakaanza kufukua makaburi Shakahola, Kilifi. Miili zaidi ya 400. Madaktari wakakuta wengi walikufa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walinyongwa ama kuzibwa pumzi. Hapakuwa na nyota wala fuvu. Palikuwa na Biblia, mahubiri kwa runinga na mtandaoni, na mafundisho kwamba ukifunga mpaka mwisho utakutana na Yesu. Mhubiri, Paul Mackenzie, amekana mashtaka na kesi iko kortini, kwa hivyo tuiachie korti. Kuna jambo halihitaji hukumu, ni rekodi: alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017, na Machi 2023 akakamatwa tena kwa vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Nchi iliyounda tume ya kutafuta pembe ilikuwa na huyu mtu mkononi, na ikamwona ni mchungaji tu mwenye maneno makali.

Sisemi Summerisle ni Shakahola. Kwenye muvi wanachoma mgeni, na hapa waliokufa ni waumini wenyewe na wanao. Pia sisemi shida ni dini ya fulani. Howie mwenyewe ni muumini wa dhati, na anakufa akiimba zaburi. Ninachotaka uone ni vile kijiji kinakuwa kitamu. Kwenye Summerisle kila mtu ana kazi, ana wimbo, ana nafasi kwenye sherehe. Yule anayeuliza maswali ndiye anaonekana mshamba, mkali, asiyejua kufurahi. Wewe mwenyewe ulikuwa unamcheka saa moja iliyopita. Sasa nenda kwenye jamaa za waliopotea Shakahola, uwasikize wakisimulia walivyojaribu kuwatoa ndugu zao. Wengi wanaeleza kitu kimoja: waliitwa watu wa dunia, wasioelewa.

Wasee wa hapa pia walienda. Waliotoka Kilifi peke yake si wote, watu walisafiri kutoka kaunti nyingi wakiwa wameuza kila kitu. Na 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, bado Kilifi, wakati kesi ya kwanza haijaisha. Rais alikuwa ameshapokea ripoti ya jopo lake kuhusu mashirika ya dini mwaka 2024. Mswada ulipotoka, makanisa yakapinga kwamba utawabana wema pamoja na wabaya. Hiyo hofu ina maana. Lakini soma hoja zao, uhesabu ni ngapi zinazungumzia muumini na ni ngapi zinazungumzia mchungaji.

Kuna sekunde chache karibu na mwisho ambazo watu huzikosa kwa sababu ya moto. Howie, amefungwa, anageukia umati na kuacha kuhubiri. Anaongea kama karao, kwa mantiki. Anawaambia matunda hayatarudi, udongo haukubali. Na yakifeli tena mwaka ujao, sajini hatatosha. Watataka damu kubwa zaidi, na kisiwani hakuna mkubwa kuliko Lord Summerisle mwenyewe.

Tazama uso wa Christopher Lee hapo. Anajua ni kweli. Anajua vile babu yake alianza hii kitu. Anajibu haraka kwamba hayatafeli, na sauti inapanda kidogo kuliko kawaida. Halafu anageuka, anainua mikono, na wimbo unaendelea.