Gari-Nyumba Wakati wa Theluji

Wako wanaodai kwamba safari ya gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani yake, haina raha ila wakati wa joto. Nami, baada ya kukizuru Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi mwezi wa Julai, ambao kwetu pwani ni wa kipupwe na kwao ni wa theluji, dai hilo nalikataa katakata. Alfajiri moja kando ya ziwa Tekapo, mvuke wa birika ukiwa umeganda kiooni, nilikwangua tundu kwa ukucha, nikaiona milima imejitanda weupe, wala hapakuwa na mtu wa kunikingia mandhari.

Taabu ipo, sikanushi: barabara ya kwenda Milford, ipitayo katika handaki la Homer lililofunguliwa mwaka 1954, mara nyingine hufungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, na dereva huamriwa achukue minyororo ya magurudumu. Huko ndiko alikotua juu ya gari letu kea, kasuku wa milimani mwenye manyoya ya kijani na rangi ya chungwa chini ya mbawa, akaanza kuung'oa mpira wa dirisha kwa utulivu wa fundi aliyekwisha lipwa ujira. Abiria wa gari jirani wakamtupia mkate, wakacheka. Kitendo hicho ndicho kinichukizacho, maana ndege aliyezoeshwa kuomba huizoea barabara, na barabarani ndiko agongwako na magari. Heri msafiri apotewe na mpira wake.