Fasihi ya Watoto na Utumwa wa Funzo

Imekuwa desturi miongoni mwa waandishi wengi wa vitabu vya watoto nchini Kenya, na baadhi ya wahakiki wao, kuipima hadithi kwa funzo linaloifunga. Fisi huadhibiwa, wanyama hupatana, kisha mtoto huulizwa: hadithi hii inatufunza nini? Jibu hulijua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Mtazamo huu hutetewa kwa jina la jadi. Utetezi huo hauna mashiko. Katika utambaji wa ngano hadhira iliitikia, iliimba na kuuliza. Tena shujaa wake mpendwa, Sungura, ni mlaghai anayewashinda wenye nguvu kwa hila. Anayeiona ngano kuwa ghala la maadili hajaisikiliza.

Udhaifu wa funzo hudhihirika zaidi panapohusika tofauti za watu. Mwongozo wa mtaala wa mwaka 2017 unataja maadili manane, yakiwamo upendo, heshima, umoja na haki ya kijamii. Orodha ni njema, lakini orodha haisimulii. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao, katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zimeimba umoja kwa miongo minne.

Hadithi inayofuta kabila, dini na umaskini ili isimuudhi yeyote humfunza mtoto kunyamaza. Mtoto wa Nakuru au Eldoret huyasikia yasemwayo kuhusu jirani. Asipoyakuta kitabuni, hubaki na tafsiri ya mtaani pekee.

Kinyume cha woga huo kimo katika kisa cha Njamba Nene, alichokitoa Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kigikuyu mwaka 1982. Japo hakikosi mahubiri, kinamweka msomaji upande wa mtoto maskini anayedharauliwa na wenzake, ambaye maarifa yake ya nyumbani ndiyo yanayowafaa wanapokwama msituni. Hapo dharau ina sura, na msomaji huonja uchungu wake kabla ya kuhukumu.

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Hawakusema akunjwe kwa mahubiri. Mwandishi athubutu kuitaja tofauti na kuliacha swali wazi. Mhakiki naye aache kuitazama fasihi ya watoto kama uga usiostahili nadharia, kwani humo ndimo raia hujifunza kwanza nani ahurumiwe na nani aogopwe.