Hadithi mpya au kava linalouza? Mtihani wa watunzi wa filamu za Kibongo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTUNZI wa filamu jijini Dar es Salaam anapokwenda kwa mtayarishaji na wazo lake, swali analokutana nalo mara nyingi si hadithi inahusu nini, bali nani atakayecheza. Swali hilo lina historia yake, na ndani ya historia hiyo ndimo ulimo ugomvi wa siku nyingi kati ya ubunifu na soko.

Filamu za Kibongo zilipoanza kuchangamka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugomvi huo haukuwa mkubwa. 'Girlfriend' ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, iliingia katika ulimwengu wa muziki wa kizazi kipya ambao vijana wa mjini walikuwa wakiuishi kila siku. Mussa Banzi naye akaja na 'Shumileta', akichota katika simulizi za majini. Mtazamaji aliyafahamu mambo hayo tangu nyumbani kwao. Kilichokuwa kipya ni kuyaona kwenye runinga, yakisemwa kwa lugha yake.

Biashara ilipokua, mambo yaligeuka. Wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wakinunua filamu kwa mkupuo. Mtengenezaji analipwa mara moja, anaondoka. Mteja naye alinunua diski kabla ya kuitazama, na alichokiona ni kava tu. Hivyo kilichokuwa na bei ni sura ya nyota na jina la filamu, ambalo aghalabu liliandikwa kwa Kiingereza hata kama wahusika walizungumza Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Hadithi haikuwa na bei yake. Aliyeandika kwa miezi sita na aliyeandika kwa siku tatu walilipwa kwa kipimo kimoja.

Ukaja pia mtindo wa kuigawa filamu sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Watazamaji wanakumbuka matokeo: gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaegeshwa, mwenye nyumba anashuka, anapanda ngazi, na kisa hakijasogea hata hatua moja. Lawama ziliwaangukia waongozaji. Kwa kweli kisa cha saa moja na nusu kilikuwa kikitandazwa kwa saa tatu, kwa sababu diski mbili zililipa kuliko moja.

Utaratibu ulioegemea sura ya mtu ulikuwa na udhaifu wake, na ulionekana dhahiri Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba, ambaye jina lake peke yake liliweza kuuza filamu. Miaka mitano baadaye, Aprili 2017, wasanii waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji holela wa filamu za nje. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwani diski hizo za bei poa hazikuwa zikilipiwa haki. Lakini mtazamaji aliyehamia kwenye tamthilia za Kikorea hakufuata bei tu. Alifuata kisa, tena cha watu asiowajua hata kwa majina.

Lipo jingine lisilosemwa sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyokwisha kutungwa, si wazo tupu. Mtunzi anayesimulia wazo lake kwa mdomo ofisini kwa mtayarishaji hana cha kushika siku atakapoliona likichezwa na wengine. Kadiri wazo lilivyo geni, ndivyo hasara ya kuibiwa inavyokuwa kubwa. Si ajabu basi kwamba wengi hupeleka lile ambalo hata likichukuliwa halitawauma: mke mwenza, mirathi, mama mkwe mkorofi.

Hata hivyo, wapo waliopita katikati. 'Nairobi Half Life' ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga wa Kenya, ilianza na kisa kinachojulikana na kila mkazi wa Nairobi: kijana wa kijijini anaingia jijini na kunaswa na genge la wezi. Kikaongezwa jambo moja tu, kwamba kijana huyo anataka kuwa mwigizaji, na kisa kizima kikapata uhai mpya. Ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar. Ni kweli kwamba ilizaliwa katika warsha iliyoungwa mkono kutoka Ujerumani, kwa hiyo haikulazimika kumbembeleza msambazaji.

Hapa nyumbani, Amil Shivji aliichukua 'Vuta N'kuvute', riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma, na filamu yake ikaoneshwa Toronto Septemba 2021. Jina la riwaya lilikuwa limekwisha kufanya kazi ya kava. Mwongozaji akabaki na nafasi ya kuthubutu katika picha na mwendo wa simulizi, jambo ambalo mtunzi wa kisa kisichojulikana hupewa kwa nadra.

Sasa mnunuzi mkubwa ni televisheni za kulipia, ambazo hutaka tamthilia za vipindi vingi, mfano wa 'Huba' na 'Jua Kali'. Utandazaji wa kisa haujaisha, na geti lile bado linafunguliwa. Tofauti ni kwamba mtazamaji anayechoka hubonyeza rimoti usiku uleule, na kituo kikajua. Kwa kawaida vituo hivyo humtaka mtunzi apeleke muhtasari pamoja na vipindi vya mwanzo vilivyoandikwa kamili. Ni kazi nyingi kwa mtu ambaye bado hajalipwa, lakini anapotoka ofisini huwa ameacha maandishi yenye jina lake.