Kabla ya kuuliza simu, muulize bibi

Ukitaka kujua filamu imependeza au imechosha hapa Muscat, achana na zile nyota za kwenye simu. Nenda Ijumaa usiku ukasimame karibu na mlango wa kutokea sinema, VOX ya Mall of Oman au ile ya City Centre kule Seeb, utege sikio tu. Vijana wa Kiomani utawasikia wanasema "zen" au "ma zen", basi, wamemaliza. Familia za Kerala zinabishana mpaka ndani ya lifti. Halafu atapita bi mkubwa mmoja na abaya yake, kamshika mjukuu mkono, anasema kwa Kiunguja safi: "Stelingi mwenyewe kapooza kama chai ya jana, na yule adui ndiye aliyeibeba senema yote."

Huyo keshakupa uchambuzi wa kutosha. Kasema nani kaharibu, kasema nani kaokoa kazi, na kakupa na mfano juu yake. Maneno kumi na nne.

Wiki hii nataka kuyasemea maneno kama hayo, kwa sababu naona yanapungua mjini hapa, na yakiisha hatutakuwa tumepoteza maoni ya filamu peke yake.

Angalieni Kiswahili tunachozungumza na watoto majumbani. Wengi wetu tunajisifu kwamba watoto "wanasikia". Kweli wanasikia. Ukimwambia "njoo ule" anakuja, "funga mlango" anafunga, "mpigie ami yako" anapiga. Lakini anajibu kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, nasi tumeridhika hivyo hivyo. Ukikaa ukahesabu utaona Kiswahili cha nyumbani kimebaki cha amri na cha chakula. Mtoto hadaiwi neno lolote kwa lugha hiyo isipokuwa "haya" na "sitaki". Hajapata kuhitaji neno "ingawa". Hajapata kuhitaji "ingekuwa mimi nisingefanya vile". Lugha ya namna hiyo haina umri mrefu. Mtoto akipata kazi Dubai au London anaiacha uwanja wa ndege.

Sasa filamu ina jambo moja. Watu watano wameona kitu kimoja kwa saa mbili, na wakitoka kila mtu ana lake. Hapo amri hazifai kitu. Lazima mtu aseme kwa nini, lazima ampinge mwenziwe, lazima atafute neno. Ndiyo maana nasema ile nusu saa ya kurudi nyumbani garini ni darasa kubwa kuliko madarasa mengi tunayolipia.

Chukueni Mufasa, ile filamu ya Disney aliyoiongoza Barry Jenkins, iliyoingia Desemba 2024. Sisi watu wa Kiswahili hadithi hii ya simba tuna haki nayo tangu The Lion King ya 1994: Simba, Rafiki, Pumbaa, na yule fisi Shenzi, ambaye jina lake sisi tukilitamka mbele ya wazee tulikuwa tunakula kofi. Mufasa imeongeza mengine. Mama aliyemzaa Mufasa anaitwa Afia. Mama aliyemlea anaitwa Eshe, jina ambalo ukiuliza kila ukoo wetu utapata shangazi analo. Nchi ya neema wanayoitafuta inaitwa Milele. Sarabi, mtoto yeyote aliyesoma Kiarabu cha shule anaweza kukwambia ni sarabu, yale maji ya uongo unayoyaona jangwani. Na yule atakayekuja kuwa Scar, utotoni mwake anaitwa Taka.

Tulikwenda watu tisa, vizazi vitatu. Filamu yenyewe, nikisema haki, ni ya wastani. Simba wanafanana mno, katikati unapotea nani ni nani, na nyimbo za Lin-Manuel Miranda hazikunikaa kichwani kama zile za mwanzo. Lakini safari ya kurudi Al Khoud ilishinda thamani ya tiketi. Mmoja katika watoto, ana miaka kumi na moja, akauliza kwa Kiingereza kwa nini mzee ampe mwanawe jina la uchafu. Bibi yake alikuwa kakaa kiti cha mbele. Akajibu bila ya kugeuka: "Nani kakwambia ni taka za jaani? Hiyo ni taka ya kutaka. Kila alichokuwa nacho mwenziwe, yeye kakitaka."

Gari zima kimya. Sidhani kama waandishi wa Disney walilipigia hesabu hilo, lakini nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu ile na sikukuta mstari mmoja ulionifumbua macho kama huo.

Basi ndiyo ukafunguka mlango. Mama mtu akasema kosa la Taka ni la baba yake, Obasi, aliyemfundisha kwamba mfalme hudanganya, na kwamba Mufasa alipona kwa sababu alilelewa na Eshe upande wa majike. Binti wa miaka kumi na sita hakukubali. Kwa Kiswahili cha kubabaika, nusu yake Kiarabu, akasema Mufasa naye si malaika: alijua Taka anampenda Sarabi, mbona hakusema mapema? Bibi akamrekebisha neno moja, halafu akambishia kwa dhati, kama anavyombishia mtu mzima mwenziwe. Yule binti aliendelea kwa Kiswahili mpaka tunafika nyumbani. Mamake aliniambia baadaye hajawahi kumsikia akizungumza namna ile.

Kubwa lakini lilikuja mwisho. Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema yeye Taka na Sarabi hawakumshughulisha sana. Kilichomliza ni lile gharika la mwanzo, mtoto anachukuliwa na maji mama yake anamuona. "Na sisi tulikuja hivyo hivyo," alisema. "Watu hawakuagana."

Msomaji wa hapa hahitaji kufasiriwa. Nyumba nyingi zetu zina mtu aliyetoka Unguja au Pemba baada ya 1964, akapita huku na kule, akafika Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos, Allah amrehemu, alipowaita Waomani wa nje warudi. Wajukuu wanaijua tarehe 23 Julai kwa kuisoma shuleni. Bibi yao alifika vipi, hawakupata kumuuliza. Usiku ule waliuliza. Alikuja kwa meli au kwa ndege? Nani alimpokea? Alikuwa anajua Kiarabu? Na mdogo wao kabisa akauliza kama Milele ndiyo Muscat. Bibi akacheka: "Milele ni peponi, mwanangu. Hapa Al Khoud."

Ningependa tujue kwamba wazee hawa ubishi wa filamu hawakuuanza jana. Waliokulia mjini Unguja walikuwa na Majestic pale Vuga, Empire Darajani, na Sultana Malindi ambayo baada ya Mapinduzi ikaitwa Cine Afrique. Jumapili watu walitoka kwa familia, wamevaa, wamejifukiza. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na walioyakuta watakwambia kwamba kelele za mle ndani zilikuwa filamu ya pili. Awaara ya Raj Kapoor, ya 1951, iliwateka watu ambao Kihindi hawakijui, wanakijua cha nyimbo tu. Na Awaara inabishania nini? Kuna jaji anayeamini kuwa mtoto wa mwizi naye lazima awe mwizi. Filamu nzima ni kumpinga jaji huyo. Sasa tazameni Mufasa na Taka: mmoja wa kuokotwa, mmoja wa damu ya kifalme, na swali ni lile lile, damu au malezi. Bibi zetu walilijadili swali hili vibarazani miaka zaidi ya sitini iliyopita, wengine mpaka wakanuniana. Halafu sisi tunakwenda sinema tunawaacha nyumbani na televisheni, tunasema "atachoka".

Sababu tunazotoa nazijua. Sauti kubwa mno, kweli, wallahi hata mimi wakati mwingine naziba masikio. Baridi ya kiyoyozi, chukua shali. Kiingereza hajui, na maandishi ya Kiarabu chini yanakwenda mbio. Hili la lugha ndilo nisilolikubali. Kihindi alikuwa hajui vile vile, mbona Awaara anakuhadithia mpaka leo? Dar es Salaam watu wa vibanda vya video walikuwa na Lufufu akiwatilia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za Wachina na Wamarekani. Kenya wana DJ Afro. Na mara nyingi maneno ya mfasiri yalikuwa matamu kuliko ya filamu. Mkalishe mjukuu ubavuni mwa bibi, amfasirie kwa sauti ya chini. Atababaika, atauliza "bibi, hili kwa Kiswahili tunasemaje?", na hicho ndicho tunachokitafuta. Nendeni onyesho la alasiri katikati ya wiki, ukumbi uko nusu, hamtamuudhi mtu.

Wapo pia wanaosema sinema yenyewe ni upuuzi, na nusu ya filamu hazifai kutazamwa mbele ya watoto. Kwa hiyo nusu sina ugomvi nao. Mzazi aangalie kwanza, achague. Ninachowaambia ni kwamba watoto wanaziona tu, kwenye simu, peke yao, mlango umefungwa, na hakuna wa kumwambia "yule alikosea hapa".

Na simu ina ubaya wake mwingine: inampa mtu maoni ya kuazima. Mnakumbuka 2024 ilivyokuwa kwa The Goat Life, ile filamu ya Kimalayalam ya mfanyakazi wa Kihindi anayeteseka jangwani. Ilipofika Netflix Ghuba nzima iliwaka, na sisi Oman zaidi, maana aliyeigiza kafili ni wa kwetu, Talib Al Balushi. Katika magrupu ya familia kila mtu alikuwa na la kusema. Niliuliza katika grupu moja ni nani aliyeitazama mpaka mwisho. Kati ya watu thelathini na kitu, wanne. Waliobaki walikuwa wanarusha video za dakika moja za watu wengine waliokasirika. Ukiiona mwenyewe unaweza kusema inatuonea, unaweza kusema inasema kweli inayouma, unaweza kusema Al Balushi kaigiza vizuri mno mpaka watu wamesahau kuwa anaigiza. Hilo la tatu ndilo langu. Mtu ambaye hakuiona hana lake, ana la jirani.

Sasa niwageukie wenye kumbi. Kila wiki mbao zenu zinatangaza Kihindi, Kimalayalam, Kitamil, na Kiarabu cha Misri kila Sikukuu. Welad Rizk ya tatu ilipotoka Idi Kubwa ya 2024 ilivunja rekodi huko kwao. Hayo ni sawa, wenyewe wapo na wanalipa. Lakini Waswahili wa Muscat nao wapo, na sikumbuki kuliona jina la Kiswahili kwenye bao hizo, ukiwatoa simba wa Disney. Filamu iko. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye kitabu cha Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, na binti wa Kihindi, Yasmin, anakimbia ndoa ya kulazimishwa. Mitaa ile wazee wetu wameipita kwa miguu yao.

Najua wako watakaonuna. Adam Shafi huyo huyo ndiye aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad, na kwa baadhi ya nyumba zetu jina hilo ni kidonda. Mimi nasema waje hivyo hivyo wamenuna. Waitazame, kisha watoke waseme wapi imekosea, nyumba gani haikuwa pale, neno gani mtu wa Unguja wa wakati ule asingelisema, na wajukuu wakiwa pembeni wanasikiliza na kuuliza.

Inatosha Alhamisi moja, ukumbi mmoja, hata ule mdogo. Mwenye njia ya kuwafikia wenye kumbi aseme nao, watu wa kujaza viti tutawatafuta sisi.