Tuhalalishe tela la pikipiki kabla mafundi hawajatutangulia

Kokote unakopita vijijini Tanzania, pikipiki ndiyo lori. Gunia la mkaa hulazwa kwenye siti nyuma ya dereva, likakazwa kwa mpira wa tyubu uliozungushwa keria mara nne au tano, na dereva akasogea mbele mpaka akakaa juu ya tangi. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tairi la mbele huwa jepesi, usukani ukacheza, na breki ya mbele, ambayo ndiyo ingepaswa kufanya kazi kubwa, ikakosa uzito wa kuikandamiza barabarani. Mzigo ukiwa wa nondo au mabomba, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa ncha zinaburuzwa au zinapepea pembeni kwenye usawa wa uso wa mtembea kwa miguu. Tumezoea kuyaona haya, na kwa kuwa tumeyazoea tunadhani ndiyo hali ya kawaida. Hoja yangu ni kwamba tela dogo linalovutwa na pikipiki, likiwekewa masharti yanayopimika, ni salama kuliko tunachokifumbia macho leo, na mamlaka zinapaswa kuliandikia kanuni badala ya kusubiri ajali ziandike.

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Mzigo ulio ndani ya tela hukaa chini, karibu na ardhi, na hubebwa na magurudumu yake wenyewe. Pikipiki inabaki na kazi ya kuvuta na kusimamisha tu, na dereva anabaki kwenye nafasi yake akiwa na usukani ulio imara. Lakini hapo ndipo ufundi unapoanza. Pikipiki hulala upande inapokata kona, kwa hiyo kiungio cha tela lazima kizunguke pande zote. Bomba lililochomelewa moja kwa moja chini ya keria litaivunja fremu au kumwangusha dereva kwenye kona ya kwanza ya maana. Mzigo nao hupaswa kuegemea kidogo mbele ya ekseli ya tela. Ukiegemea nyuma, tela huinua mkia wa pikipiki na kuanza kuyumba kushoto na kulia, na mwendo ukiongezeka kuyumba huko hakuzuiliki. Haya si mambo ambayo fundi wa kuchomelea atayagundua kwa kubahatisha bila mtu kuumia.

Nchi nyingine hazikuliacha jambo hili hewani. Uingereza inaruhusu pikipiki kuvuta tela, kwa masharti yanayoingia kwenye ukurasa mmoja: injini iwe zaidi ya cc 125, tela lisizidi upana wa mita 1, mwisho wake usizidi mita 2.5 kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki, na uzito wake pamoja na mzigo usizidi kilo 150 au theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, kutegemea kipi ni kidogo. Kubeba mtu ndani yake ni marufuku. Tukizinakili namba hizo kama zilivyo, pikipiki ya kilo 120 itaruhusiwa kuvuta kilo 80. Ukitoa tela lenyewe la kilo 30, unabaki na mfuko mmoja wa saruji. Wapo watakaosema basi haina faida. Lakini kikomo hicho kimewekwa kwa chombo kinachoruhusiwa kwenda hadi kilomita 96 kwa saa. Kwenye kilomita 30 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima kwa uzito uleule ni kama sehemu moja ya kumi. Ipo nafasi ya kupandisha uzito kwa kushusha mwendo, na kiwango chetu kipatikane kwa majaribio kwenye barabara zetu. Kituo cha CAMARTEC kule Arusha kipo kwa kazi ya namna hiyo ya zana za vijijini, na TBS ndiyo yenye dhamana ya viwango.

Pingamizi la kwanza ni kwamba guta la magurudumu matatu lipo, tela la nini? Guta linafaa sana mjini na kwenye barabara pana. Lakini ni chombo cha kazi moja: siku isiyo na mzigo limeegeshwa, na deni lake linaendelea kuhesabiwa. Tela hufunguliwa jioni, pikipiki ikarudi kubeba abiria. Tena upana wa mita 1 unapita kwenye njia nyingi za mashambani ambako guta linakwama. Wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela hawahitaji kufundishwa faida ya tela, kwani wameliona nyuma ya pawatila kwa miaka mingi.

Pingamizi zito zaidi ni la nidhamu. Kama abiria wanapakiwa mishikaki na kofia ngumu zinaning'inizwa kwenye usukani, nani atazitii kanuni za tela? Kwanza, tela likiwa limesimama linapimika. Askari anaweza kupima upana kwa futi, kuangalia taa na kiungio, na kusoma kibao cha uzito. Mzigo uliorundikwa kwenye siti hauna kipimo, ndiyo maana ukamataji wake umekuwa wa mabishano na maelewano ya pembeni. Pili, kukataza hakutaondoa mzigo barabarani. Gunia litafika sokoni kwa vyovyote, na mwenye shida atachomelewa tela uani bila mtu wa kumkagua.

Nakubali kwamba tela halifai kila mahali. Kwenye barabara kuu zenye mabasi na malori lisiruhusiwe kabisa, na kwenye miteremko mikali ya utelezi, ambako tela linaweza kuisukuma pikipiki kutoka nyuma, halmashauri ziwe na uwezo wa kulizuia. Mtu naye asipandishwe humo. Hata kwa wagonjwa, utafiti wa wilaya ya Mangochi nchini Malawi uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa pikipiki za wagonjwa zilipunguza ucheleweshaji wa rufaa za wajawazito kwa saa 2 hadi 4.5, lakini zile zilikuwa na kitanda kilichojengwa ubavuni kwa kazi hiyo, si sanduku la mizigo.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti kubwa: TBS itoe kiwango cha kiungio, vipimo na taa, LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, na polisi waweke usajili na kikomo cha mwendo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, iwafundishe mafundi kutengeneza muundo mmoja uliojaribiwa. Mafundi hawasubiri kanuni ili waanze kuchomelea, na kila tela linaloingia barabarani bila kiwango litakuwa gumu zaidi kuliondoa kesho.